Picha Inayoumbua Ugonjwa wa Sikio Uliojificha

Nimeiona, na bado moyo haujatulia! Ni picha ya MRI ya sikio lililokwisha kufanyiwa upasuaji, iliyopigwa kwa namna ya pekee inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya mwili. Karibu kila kitu kimefifia. Mfupa ni mweusi, ubongo ni kijivu, hewa haionekani kabisa. Halafu, ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio, inawaka nukta moja nyeupe yenye upana wa milimita 4. Anayekaa Mwanza hahitaji maelezo marefu. Panda kilima cha Bugando usiku usio na mbalamwezi, tazama ziwani, uone taa za wavuvi wa dagaa zinavyotoboa giza. Nukta ile inaonekana hivyo hivyo, na jicho haliwezi kuipita.

Nukta hiyo ni ugonjwa wa sikio la kati uliorudi baada ya upasuaji. Mwenye sikio hasikii maumivu. Usaha hautoki. Daktari akimulika anakuta ngoma ya sikio nzima, imepona vizuri. Kabla ya picha hii, njia ya uhakika ya kujua kilichomo nyuma ya ngoma hiyo ilikuwa kumlaza mgonjwa tena, kumpa nusu kaputi na kumpasua mara ya pili ili kuchungulia tu. Nasema bila kusita: kwa watu wa Kanda ya Ziwa, sijapata kuona kipimo cha sikio cha kusisimua kama hiki, na sababu ninazo.

Ugonjwa wenyewe

Madaktari huuita kolesteatoma. Jina linatisha, lakini mwanzo wake ni ngozi ya kawaida iliyofika mahali pasipo pake. Mtoto anaugua sikio mara kwa mara, mrija unaopeleka hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati unaziba, na ngoma ya sikio inavutwa kwa ndani hadi inafanya kifuko. Au ngoma ilikwisha kutoboka kwa usaha wa miaka mingi, na ngozi ya njia ya sikio ikatambaa kupitia tundu. Huko ndani ngozi inaendelea na kazi yake ya siku zote: inazaa seli mpya na kumwaga zilizokufa. Za nje ya mwili tunazioga zikaenda na maji. Za ndani hazina pa kutokea. Zinarundikana tabaka juu ya tabaka, na rundo hilo likikua linakula mfupa polepole.

Saratani siyo, lakini madhara yake ni makubwa. Kwanza vinaliwa vifupa vya kusikia, nyundo, fuawe na kikuku, na fuawe mara nyingi ndiyo inayotangulia. Usikivu unapungua. Ugonjwa ukifika kwenye mfereji wa neva ya uso, mdomo unapinda upande mmoja. Ukitoboa mirija ya mizani ya mwili, mgonjwa anashikwa na kizunguzungu hata akiwa ameketi. Ukila paa jembamba la mfupa linalotenganisha sikio na ubongo, hapo tunazungumzia homa ya uti wa mgongo na jipu la ubongo, mambo yanayoua.

Na hili ni jambo letu hasa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wanaishi na masikio yanayotoka usaha wa kudumu. Tanzania iliwekwa katika kundi la juu kabisa, la mahali ambapo zaidi ya asilimia 4 ya watu wana tatizo hilo, pamoja na India, Visiwa vya Solomon, Greenland na jamii za wenyeji wa asili wa Australia. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Minja na Machemba walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule za Dar es Salaam: asilimia 9.4 ya watoto wa vijijini walikuwa na ugonjwa huo wa kudumu, dhidi ya asilimia 1.3 ya wa mjini. Hapa Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 301 wa aina hiyo katika kliniki ya masikio, pua na koo ya Bugando, hospitali ya rufaa iliyosimama juu ya kilima tangu 1971 na kupokea watu kutoka pande zote za ziwa.

Si kila sikio linalotoka usaha lina kolesteatoma. Wengi wana tundu la ngoma tu, na hilo lina tiba yake. Lakini palipo na maelfu ya masikio yanayovuja, palipo na watoto wanaoogelea kila jioni na maji ya ziwa yakaingia katika ngoma zilizotoboka, palipo na mafuta ya moto yanayomiminwa sikioni kabla ya zahanati kufikiriwa, kolesteatoma haiwezi kuwa mgeni.

Kwa nini upasuaji haumalizi neno

Tiba ya kolesteatoma ni kisu. Hakuna kidonge wala dawa ya matone inayoiondoa. Daktari bingwa anafungua mfupa wa mastoidi nyuma ya sikio, anaifuata ngozi ile kila pembe ilikojipenyeza na kuing'oa chini ya darubini. Ni kazi ya saa kadhaa, ndani ya nafasi ambayo neva ya uso, sikio la ndani na ubongo vimepakana kwa milimita chache.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Vipande vidogo vya ngozi vikisalia nyuma ya kikuku au kwenye pango la mastoidi, vitaota upya. Huo ni ugonjwa uliobaki. Au daktari amesafisha kila kitu, lakini mrija wa hewa bado haufanyi kazi, na ngoma mpya inavutwa ndani tena kama ile ya zamani. Huo ni ugonjwa uliojirudia. Yote mawili yanaweza kukaa kimya kwa miaka.

Kwa sababu hiyo madaktari wana njia mbili za kupasua, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni ya wazi: ukuta wa nyuma wa njia ya sikio unaondolewa, mastoidi na njia ya sikio vinakuwa pango moja, na daktari anaweza kuchungulia humo siku yoyote akaona kama ugonjwa umerudi. Ni njia salama. Lakini pango hilo linahitaji kusafishwa kliniki maisha yote, linatoka usaha kirahisi likiingiwa na maji, na maji ya baridi yakilifikia, kichwa kinazunguka. Njia ya pili ni ya kufunga: ukuta unaachwa, sikio linabaki na umbo lake la asili, na likipona vizuri linaweza kuvumilia maji. Hasara yake ni kwamba ugonjwa una pa kujificha. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2013 ulionyesha kuwa baada ya njia ya kufunga, ugonjwa hurudi karibu mara tatu zaidi kuliko baada ya njia ya wazi.

Ndiyo maana njia ya kufunga ilikuja na sharti: kati ya miezi 9 na 18 baadaye, mgonjwa alirudi kupasuliwa tena ili kuangaliwa. Wengine walikutwa na ugonjwa. Wengine wengi walikutwa safi kabisa, wamelazwa na kupasuliwa ili waambiwe hawana kitu.

CT inaishia hapa

CT scan naiheshimu. Kabla ya upasuaji wa kwanza haina mpinzani: inaonyesha kila ukingo wa mfupa, kifupa kipi kimeliwa, paa la ubongo limetoboka wapi, neva ya uso imepita vipi. Daktari anayeingia mastoidi bila CT anatembea na wasiwasi wa bure.

Baada ya upasuaji mambo yanabadilika. Ikiwa sikio la kati limejaa hewa, CT inaonyesha weusi mtupu, na kila mtu anapumua. Lakini mara nyingi sikio lililopasuliwa lina kitu ndani: kovu, majimaji, nyama changa iliyoota wakati wa kupona. Kwenye CT vyote hivyo ni kijivu kimoja. Kolesteatoma nayo ni kijivu hicho hicho! Unaitazama picha, unajua kuna kitu, na hujui ni kitu gani. Ripoti inarudi na maneno ya kukisia, na daktari anarejea palepale kwenye kisu.

Maji yanayoshindwa kutembea

Sasa tuje kwenye uzuri wenyewe, na niruhusiwe kuanzia mbali kidogo kwa sababu Mwanza ina undugu na habari hii. Tangu 1966 jiji letu ni ndugu rasmi wa mji wa Würzburg, Ujerumani. Ni katika mji huo ambako Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895, akaja kupewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya Fizikia mwaka 1901. Kuuona mwili wa binadamu kwa ndani bila kisu kulianzia kwa ndugu zetu! CT bado inatumia mionzi ile. MRI imepita njia nyingine: sumaku yenye nguvu kubwa na mawimbi ya redio, vinavyopokea ishara za haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili.

Mwili umejaa maji, na maji hayo hayatulii hata sekunde moja. Mwaka 1965 wanasayansi Stejskal na Tanner walionyesha namna ya kuupima msukosuko huo. Unapiga msukumo mmoja wa sumaku unaoyatia maji alama, kisha wa pili unaoifuta. Maji yaliyobaki mahali pake alama yake inafutika sawasawa, na ishara yake inarudi kamili. Maji yaliyohama hayafutiki vizuri, na ishara yake inapotea. Katikati ya miaka ya 1980 Mfaransa Denis Le Bihan aliugeuza upimaji huo kuwa picha za mwili wa mtu. Hiyo ndiyo picha ya difyusheni: maji yaliyo huru yanazimika, maji yaliyobanwa yanawaka.

Rudi sasa kwenye lile rundo la ngozi iliyokufa. Limejengwa kwa keratini, protini ile ile ya kucha na nywele, tabaka lililobanana na tabaka. Maji yaliyomo katikati hayana pa kwenda. Yanawaka! Kovu halina mbano huo. Majimaji ya mafua hayana. Nyama changa haina. Vitu vyote ambavyo CT ilivipaka kijivu kimoja, hapa vinatengana kwa rangi. Nilipoelewa jambo hili nilitamani kusimamisha watu barabarani niwaeleze.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na namna kilivyovukwa inafurahisha. Picha za kwanza za difyusheni zilitegemea mbinu ya haraka iitwayo EPI, kazi ya Peter Mansfield wa Uingereza, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba ya 2003 na Paul Lauterbur. Kwa ubongo, EPI ni hodari. Kiharusi kinaonekana nayo mapema mno. Kwa sikio inapata taabu. Mahali ambapo hewa inakutana na mfupa, uga wa sumaku unavurugika, na sikio ni hewa na mfupa mtupu. Picha inapinda, inajaza weupe wa uongo ukingoni, na ugonjwa ulio chini ya milimita 5 unapotea humo.

Mwaka 2006 kundi la Bert De Foer, mjini Antwerp, Ubelgiji, lilichapisha ulinganisho wa EPI na namna tofauti ya kukusanya ishara, ambayo inazirudisha kwenye mstari kila mara kabla ya kuzisoma. Upindaji ukaondoka. Weupe wa uongo ukaondoka. Vipande vyembamba zaidi vikawezekana, na ugonjwa wa milimita 2 au 3 ukaanza kuonekana. Katika miaka iliyofuata kundi hilo na mengine waliipeleka mbinu hiyo moja kwa moja kwa wagonjwa waliokuwa wanasubiri upasuaji wa pili, wakalinganisha kilichoonekana kwenye picha na kilichokutwa na kisu.

Kwenye skrini

Nilionyeshwa seti kamili, na nawaeleza jinsi inavyosomwa kwa sababu usomaji wenyewe ni raha. Kwanza inakuja picha ya kawaida iitwayo T2, ambapo majimaji ni meupe. Mastoidi iliyopasuliwa ina mchanganyiko wa weupe na kijivu. Huwezi kuamua lolote. Kisha T1, ambapo kolesteatoma huwa na giza. Hii ina kazi yake maalumu: kuna uvimbe mwingine wa sikioni, unaotokana na damu iliyovilia, ambao hung'aa kwenye T1, na kwa hiyo haukudanganyi.

Halafu inaletwa difyusheni. Kwanza bila msukumo wowote wa sumaku, kipimo cha 0, na bado unaona vitu vingi vinang'aa. Kisha kipimo cha 1,000. Bofya! Majimaji yamezimika. Kovu limezimika. Ubongo umefifia. Nukta imebaki peke yake. Nilirudi nyuma, nikabofya tena, nikarudi tena, kwa furaha tupu ya kuona vitu vikizimika na kimoja kikikataa kuzimika. Mwisho ni ramani inayokokotolewa na kompyuta, ambapo penye maji yaliyobanwa panakuwa peusi. Nukta nyeupe ikiwa nyeusi pale pale kwenye ramani, shaka inapungua sana.

Na sikilizeni haya. Hakuna mionzi, kwa hiyo mtoto anaweza kurudia mwaka hadi mwaka bila hofu hiyo. Hakuna sindano ya dawa ya rangi. Mbinu ya zamani ya MRI ilitaka mgonjwa achomwe dawa kisha asubiri karibu saa nzima, hii haitaki. Mpangilio wenyewe wa difyusheni huchukua dakika chache tu. Hakuna kukaa na njaa, hakuna kulazwa. Mtu mzima anaingia, analala kimya na vizuia kelele masikioni, anatoka, anakwenda zake.

Inafanya kazi kiasi gani?

Mwaka 2017 Lingam na Bassett waliunganisha tafiti nyingi za difyusheni isiyo ya EPI. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa kweli na ugonjwa, picha iliwanasa takriban 91. Katika kila 100 wasiokuwa nao, iliwaondolea shaka takriban 92. Kwa kitu kilichojificha ndani ya mfupa, nyuma ya ngoma iliyopona, bila tone la damu, hizo ni alama za kupigiwa makofi!

Lakini mpenzi wa kweli wa kifaa anakijua na udhaifu wake. Ugonjwa ulio chini ya milimita 2 au 3 unaweza kupita bila kuonekana, na ndiyo maana picha moja safi haitoshi. Kwa kawaida ya kwanza hupigwa takriban mwaka 1 baada ya upasuaji, kisha hurudiwa miaka ya mbele, mara nyingi hadi kufikia mwaka wa 5, ili kilichokuwa kidogo mno kipate muda wa kujitokeza. Kifuko ambacho keratini yake imetolewa, kwa mfano baada ya daktari kukifyonza kliniki, hakiwaki, kwa sababu kinachowaka ni keratini yenyewe. Mgonjwa akitikisika, nukta ndogo inafifia, na watoto wadogo wasioweza kutulia huenda wakahitaji dawa ya usingizi.

Upande wa pili, vipo vinavyowaka na sio ugonjwa. Nta ya sikio ni mmoja wa wadanganyifu wakubwa! Usaha mzito wa jipu nao unawaka. Unga wa mfupa unaotumiwa na madaktari kujaza pango la mastoidi unaweza kutatanisha. Msomaji mwenye uzoefu anazikabili hila hizi kwa kulinganisha T1, T2 na difyusheni, na kwa kujua hasa kilichofanywa thieta. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, vipande vya chuma mwilini au kipandikizi cha kusikia lazima aseme mapema, kwa sababu sumaku haina mzaha.

Na mashine yenyewe sharti iwe nzima. Watanzania wengi tunakumbuka Novemba 2015, Rais John Magufuli alipofika hospitali ya Muhimbili bila taarifa na kukuta MRI haifanyi kazi, na jinsi ilivyotengenezwa ndani ya siku chache baada ya hapo. Tangu wakati huo hatua kubwa zimepigwa. Fedha za mkopo wa IMF za mwaka 2021 zilileta CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, na MRI zaidi nchini. Mashine zipo kwa wingi kuliko ilivyowahi kuwa, na difyusheni ya sikio haidai mashine mpya ya ajabu. Inadai mpangilio sahihi ndani ya mashine na mtu anayejua kuutumia.

Kwa nini ziwa linaihitaji kuliko Ulaya

Hapa ndipo damu inaponichemka. Huko Antwerp, picha hii ilimwondolea mgonjwa upasuaji mmoja wa ziada, na hilo ni jema. Kwetu inaweza kubadilisha upasuaji wa kwanza.

Mfikirie daktari bingwa aliye Mwanza na kijana wa miaka 14 kutoka kisiwa cha Ukara mbele yake. Kolesteatoma ipo, ni lazima apasuliwe. Akichagua njia ya kufunga, anajua kijana anatakiwa kurudi baada ya mwaka apasuliwe tena. Anajua pia safari ilivyo: mtumbwi au kivuko hadi Ukerewe, kisha meli hadi Mwanza, mzazi aliyeacha kazi, nauli, gharama ya kulala mjini, gharama ya thieta. Na kijana mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Nani atarudi? Daktari mwenye busara, akipima hayo yote, anachagua njia ya wazi. Ni uamuzi sahihi, unaookoa maisha. Lakini kijana anarudi kisiwani na pango sikioni, na agizo la kutoingiza maji maisha yake yote, mahali ambapo maji ndiyo barabara, ndiyo shamba na ndiyo uwanja wa kuchezea.

Weka sasa picha ya difyusheni katika hesabu hiyo. Ahadi ya mwaka kesho si kisu tena. Ni safari moja, kulala ndani ya mashine kwa muda mfupi, kisha jibu. Mzazi anayeogopa thieta haogopi picha. Mgonjwa asiyeumwa atakataa kupasuliwa, lakini kupigwa picha atakubali. Daktari akiwa na uhakika wa ufuatiliaji wa namna hiyo, anaweza kuthubutu kuuacha ukuta wa sikio mahali pake kwa wagonjwa wengi zaidi. Anaweza hata kulijaza pango la mastoidi ili sikio lipone kavu, mbinu ambayo bila MRI ni ya hatari, maana kilichofukiwa hakichunguliki kwa jicho. Mvuvi anabaki na sikio linaloweza kuvumilia maji!

Jiografia nayo imeanza kutuunga mkono. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi limewaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Mtu wa Sengerema anaweza kuja mjini, kupigwa picha na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na picha yenyewe haina haja ya kukaa Mwanza. Ni faili. Inaweza kusomwa na bingwa aliyeko Dar es Salaam au popote pengine, jibu likarudi kwa daktari aliyempasua mgonjwa.

Ukitaka kuitumia

Kwa daktari anayeandika fomu: neno "MRI ya kichwa" halitoshi. Mashine nyingi zikiachwa zenyewe zitapiga difyusheni ya EPI, na nukta ndogo itazama. Andika wazi kwamba unatafuta kolesteatoma baada ya upasuaji na kwamba unataka difyusheni isiyo ya EPI, vipande vya milimita 2 au 3, vilivyokatwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mtaalamu wa mashine ataikuta kwa majina tofauti kulingana na mtengenezaji: HASTE au BLADE kwa Siemens, PROPELLER kwa GE. Taja tarehe ya upasuaji, njia iliyotumika na kilichowekwa ndani. Na nta isafishwe kliniki kabla ya mgonjwa kwenda kwenye picha!

Kwa mgonjwa na mzazi: karatasi ya upasuaji itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Picha za CT za mwanzo ziende nawe. Picha ikija safi, furahini, kisha mrudi kliniki tarehe mliyopangiwa, kwa sababu kifuko kipya cha ngoma jicho la daktari linaweza kukiona mapema kuliko mashine. Sikio likianza kutoa usaha wenye harufu, uso ukilegea au kizunguzungu kikianza, msisubiri tarehe ya picha. Nendeni siku hiyo hiyo.

Kwa wenye mamlaka ya bima: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Picha ya ufuatiliaji wa kolesteatoma inastahili kuwemo katika huduma zinazolipiwa, kwa sababu kila mgonjwa anayeonekana yu safi ni kitanda, dawa ya usingizi na saa za thieta zilizobaki kwa mgonjwa mwingine anayezihitaji.

Uamuzi wangu ni huu. CT ibaki mfalme wa kabla ya upasuaji. Jicho la daktari na darubini vibaki kwenye kila kliniki. Lakini baada ya upasuaji wa kolesteatoma, difyusheni isiyo ya EPI iwe kawaida ya Kanda ya Ziwa, kuanzia sasa, kwa kila sikio lililofungwa na kila mtoto aliyepasuliwa. Fizikia yake imekamilika, ushahidi wake umerundikana tangu 2006, mpangilio wake unawezekana katika mashine tulizo nazo nchini. Kilichobaki ni sisi kuiomba kwa jina lake. Wewe uliyepasuliwa sikio, au mwenye mtoto aliyepasuliwa, safari ijayo ya kliniki muulize daktari wako: picha ya difyusheni tutapiga lini?